Namna ya kuuona Mlima Kilimanjaro bila kuupanda

Wengi wanafika Moshi wanakaa siku mbili wanaondoka hawajauona mlima, inauma kwa kweli, maana mlima wa mita 5,895 unajificha nyuma ya mawingu kama haupo.

Siri kubwa ni muda. Amka saa kumi na moja na nusu, saa kumi na mbili asubuhi uwe umeshatoka nje au umepanda juu ya jengo lenye ghorofa, uangalie kaskazini. Ikifika saa nne hivi mawingu yanaanza kupanda na basi tena, ila usikate tamaa, jioni jua likikaribia kuzama mara nyingi mlima unafunguka tena na ile theluji ya Kibo, kilele kirefu kuliko vyote, inakuwa na rangi ya waridi, aisee hapo simu utaishika tu ukasahau kupiga picha. Kile kilele kingine cha kulia chenye meno meno ni Mawenzi, usichanganye.

Miezi mizuri ni Januari na Februari, masika usijisumbue sana.

Ukitoka Dar kwa basi kata siti ya dirishani upande wa kulia, na ndege ya kwenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, pia ni kulia.

Zile picha za tembo na mlima nyuma nyingi zimepigwa Amboseli, upande wa Kenya, ila mlima wenyewe uko Tanzania jamani, ukiposti andika vizuri.