Kuandaa bustani ya maua kabla ya masika

Mvua za masika Dar es Salaam huanza Machi, kwa hiyo jembe lishikwe mapema Februari. Udongo unahitaji wiki mbili au tatu kutulia kabla ya kupokea miche.

Kwanza pima jinsi maji yanavyopita. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakiisha jaza tena. Maji ya mara ya pili yakibaki zaidi ya saa nne, mizizi itaoza masika, basi inua tuta sentimita 20 juu ya njia. Kwenye mchanga kama wa Kigamboni shida ni kinyume chake: maji hupotea haraka, na virutubisho huyafuata.

Dawa ya mchanga ni samadi. Tuta la mita 3 kwa 1 linataka madebe saba na nusu ya lita 20, yaani tabaka la sentimita 5, lichanganywe hadi kina cha sentimita 25. Samadi iwe imeoza kabisa: nyeusi, baridi, isiyonuka. Ile mbichi huunguza mizizi na kuleta magugu, na hapa ndipo miche mingi hufia. Ng'oa gugu la ndago pamoja na vinundu vyake vya chini ya udongo. Ukiikata kwa jembe tu, itachipua tena.

Mwagilia, funika kwa majani makavu, subiri. Panda jioni, na usiyaache majani hayo yaguse shina la mche.