Mkwaruzo mezani: pima kina chake kabla ya kushika msasa

Mikwaruzo mingi inayoonekana kama imeingia kwenye mbao haijafika huko. Imekata vanishi tu, na ule weupe ni mwanga unaotawanyika kwenye kingo za vanishi iliyochanika. Anayekimbilia msasa huishia kuchubua shibiri nzima kwa ajili ya mstari wa upana wa uzi.

Safisha kwanza. Lita 1 ya maji ya uvuguvugu, kijiko 1 cha chai cha sabuni ya vyombo, kitambaa kilichokamuliwa sana. Ikikauka, pangusa kwa tapentaini. Kama meza hupuliziwa polishi ya kopo, pangusa mara mbili, kwani nyingi zina silikoni, na silikoni huifanya vanishi mpya ijikunyate na kuacha vidoa vya duara kama macho ya samaki.

Tapentaini ni kipimo pia. Mstari ukipotea ukiwa umelowa, rangi ya mbao iko salama, na kinachotakiwa ni nta au vanishi isiyo na rangi. Ukibaki mweupe, rangi imeondoka. Halafu pitisha ukucha kwa kuukata mstari. Ukinasa, kuna ufa wa kujazwa.

Sasa ujue samani imepakwa nini. Nenda mahali pasipoonekana, chini ya meza au nyuma ya mguu, weka tone la spiriti na ungoje nusu dakika. Pakinata, ni shelaki, yaani vanishi inayoyeyuka kwenye spiriti, kitu cha kawaida kwenye vitanda vya besera na viti vya zamani. Pasiponata, jaribu tone la tina, kile kimiminika cha kuzimulia rangi. Ikiyeyuka upesi ni laka ya kupuliza. Ikikunjamana ni vanishi ya mafuta. Isipofanya lolote, ni vanishi ya kisasa ya poliyurethani. Kipimo hiki si cha kurukwa. Shelaki na laka huyeyuka tena na tabaka jipya likashikana na la zamani kabisa. Poliyurethani haiyeyuki, kwa hiyo isipokwaruzwa kidogo kwa msasa namba 320, tabaka jipya litabanduka kama ganda.

Mkwaruzo wa juujuu kwenye shelaki ni kazi ya dakika chache. Chovya brashi nyembamba ya mchoraji kwenye spiriti, ikamulie kwenye kitambaa mpaka ibaki na unyevu tu, kisha ipitishe mara moja juu ya mstari. Kingo zitalegea na kuungana. Usirudie hapo hapo. Subiri saa moja, la sivyo utavuta tope. Kwa laka, fanya vivyo hivyo kwa tina. Kwenye vanishi ngumu, ya mafuta au ya poliyurethani, tumia nta: sehemu 1 ya nta ya nyuki kwa sehemu 2 za tapentaini, kwa uzito. Yeyusha nta ndani ya bakuli lililokaa kwenye maji moto, zima moto kabisa, ndipo umimine tapentaini. Mvuke wake unawaka.

Kuna wanaosugua korosho au kupaka mafuta ya nazi. Korosho huficha mstari kwa muda, haitengenezi. Mafuta ya nazi tuyaache jikoni na kwenye nywele: hayakauki, hushika vumbi, na baadaye huizuia vanishi kushika.

Rangi ikiwa imeondoka, irudishe kabla ya kujaza. Kwa mninga au mvule, kahawa ya unga ya kuyeyuka, vijiko 2 vya chai kwa kijiko 1 cha chakula cha maji moto, hutoa kahawia nzuri. Paka ndani ya mstari tu, futa kandokando papo hapo, na ubaki nyuma kidogo ya rangi unayoitaka. Kuongeza ni rahisi. Kupunguza ni shughuli.

Ufa wenye kina hujazwa tabaka kwa tabaka. Kwa shelaki, loweka gramu 30 za vipande katika mililita 250 za spiriti usiku kucha, chuja, kisha dondosha ndani ya ufa mara 4 hadi 6, ukiacha saa moja kila mara, mpaka ujae na kuinuka kidogo. Changanya kiasi cha siku hiyo tu, maana ikikaa miezi kwenye joto la Pwani haikauki tena, hubaki inanata. Usichanganye vumbi la mbao na gundi. Gundi haipokei rangi, na utabaki na kovu jeusi au jeupe la milele. Kisha sawazisha kwa msasa namba 600 uliozungushiwa kipande bapa cha mbao, ukifuata nyuzi za mbao.

Hapa tahadhari ya makabati ya kisasa. Mengi ni ubao uliobandikwa ngozi ya mbao, nyembamba pengine chini ya milimita 1. Msasa namba 120 unaipenya kabla hujamaliza kikombe cha chai.

Kibonyeo si mkwaruzo. Mbao ikiwa nzima na nyuzi hazijakatika, lowesha kwa maji, funika kwa kitambaa kibichi na ugusishe pasi ya moto kwa sekunde chache. Mvuke huzivimbisha nyuzi na kuziinua. Usifanye hivyo kwenye ubao wa kubandikwa, kwani gundi italegea. Vanishi ya hapo nayo huweza kuwa nyeupe, kwa hiyo panga kuipaka upya.

Mombasa, adui mwingine ni hewa. Ukipaka shelaki au laka siku za masika, spiriti au tina ikiruka hupoza uso, unyevu wa hewani unanaswa humo na unabaki na ukungu mweupe. Paka baina ya saa nne asubuhi na saa tisa, siku kavu, mbali na dirisha la baharini. Ukungu ukitokea kwenye shelaki, pangusa kwa kitambaa chenye harufu tu ya spiriti. Na usisugulie nyuzi za chuma za sufuria: vipande hukwama kwenye vinyweleo vya mbao, chumvi ya hewa huviozesha kutu, na mbao zenye tanini hutoka madoa meusi.

Ukitumia mafuta ya kitani, usikunje vitambaa na kuvitupa kapuni. Hujipasha joto vyenyewe hata vikawaka. Vitandaze nje au vizamishe majini.

Kitambaa cha plastiki kisirudi mezani kabla ya siku 7, na juu ya shelaki au laka kisirudi kabisa. Kilainishi kilichomo kwenye plastiki huhamia kwenye tabaka hilo, na siku utakayokiinua kitaondoka nalo.