Kuelekeza poti 80 kwenda 8080 kwenye seva ya Linux
Wadau mnaotunza seva, msiendeshe programu ya wavuti kama root (mtumiaji mwenye mamlaka yote) eti kwa sababu poti (namba za milango ya mtandao) zilizo chini ya 1024, ikiwemo 80 ya wavuti, zinadai hivyo. Mdukuzi akipenya humo, mashine nzima ni yake. Iacheni isikilize 8080, kisha kwa iptables (zana ya Linux ya kanuni za pakiti) elekezeni huko kinachoingia poti 80:

sudo iptables -t nat -A PREROUTING -p tcp --dport 80 -j REDIRECT --to-ports 8080

Fayawoli nayo iruhusu 8080, maana pakiti ikifika hapo imeshabadilishwa poti. Ukijaribu kwa curl localhost (amri ya kuomba ukurasa) ndani ya seva yenyewe itagoma, kwani kanuni ya PREROUTING hugusa pakiti zinazoingia kutoka nje, si trafiki ya ndani. Jaribu kwa simu iliyo kwenye mtandao huohuo.

Sasa hili ndilo linaloumiza wengi: kanuni hiyo ikishawekwa, hukaa kwenye kumbukumbu (RAM) tu, na hufutika seva ikizima. Kuna duka Kariakoo niliwawekea mfumo wa stoo. Usiku umeme ukakatika. Asubuhi seva imewaka vizuri, taa zote kijani, lakini ukurasa haufunguki na wateja wamepanga foleni hadi kwenye ngazi. Kwenye Ubuntu isiyotumia ufw (zana yake ya fayawoli), sakinisha iptables-persistent, halafu sudo netfilter-persistent save, ili kanuni irudi seva ikiwaka tena. Fanya siku hiyohiyo, kabla hujaondoka.