Jinsi ninavyopanga ratiba ya vipindi ya mwaka mzima bila walimu kugongana

Walimu wenzangu wa taaluma, hasa nyie mliokabidhiwa kiti mwaka huu na hamjawahi kushika ratiba hata siku moja, hii nawaandikia nyie. Mimi nipo Tanga mjini, sekondari ya kutwa, mikondo 12, yaani kila kidato kina A, B na C. Ratiba nimeipanga mara kadhaa sasa na nimejifunza kwa kuumia, ndo maana naandika kwa kirefu.

Kabla ya yote shika hili. Ratiba ikiwa mbovu mwalimu atalalamika stafu rumu lakini anayeibeba ni mtoto. Hisabati ya 2C ikiangukia saa saba mchana siku nne kwa wiki, mwezi wa pili, jua la kaskazi, darasa halina dari ni bati tupu, tumbo halijapata kitu tangu saa nne, yule mtoto atafeli alafu ataambiwa mvivu. Mimi hilo linaniuma kweli.

Anza mwezi wa kumi na moja, kidato cha nne wakiwa kwenye mtihani wa taifa, usisubiri Januari. Januari una kidato cha kwanza wapya, uhamisho, wazazi mlangoni, huwezi kukaa chini ukafikiri.

HATUA YA 1: Hesabu kwanza, usichore kitu

Wengi wanakimbilia kuchora maboksi, hapo ndo wanapopotea. Chukua karatasi uhesabu wiki yako ina vipindi vingapi. Kwetu kipindi ni dakika 40, tunaanza saa 2:00 asubuhi, vinakwenda vinne mpaka saa 4:40, mapumziko nusu saa, alafu vinne vingine kuanzia 5:10 mpaka 7:50 mchana. Hivyo ni vipindi 8 Jumatatu mpaka Alhamisi. Ijumaa tunaishia 6, nitaeleza kwa nini. Jumla 38.

Sasa gawa hizo 38 kwa masomo. Mfano wa mkondo mmoja: Hisabati 6, Kiingereza 6, Kiswahili 4, Baiolojia 4, Kemia 4, Fizikia 4, Jiografia 3, Historia 3, Uraia 3, dini 1. Inatimia 38 kamili. Idadi halisi usiichukue kwangu, ichukue kwenye muhtasari wa kila somo, na kipindi hiki cha mpito uwe makini sababu madarasa ya chini yapo kwenye mtaala ulioboreshwa, wana Historia ya Tanzania na Maadili, wana mambo ya biashara, kwa hiyo usije ukanakili ratiba ya kidato cha nne ukambandika mtoto wa kidato cha kwanza.

Alafu geuza hesabu upande wa walimu, na hapa ndo penye kazi yenyewe. Hisabati vipindi 6 mara mikondo 12 ni 72. Una walimu wa hesabu wawili? Kila mmoja ana 36, na wiki nzima ina 38. Yaani mtu anabaki na vipindi viwili vya kupumua tangu Jumatatu mpaka Ijumaa, na kama kila mkondo una watoto 50 basi ana madaftari 300 ya kusahihisha. Hiyo ratiba hata ukiipanga ikakubali, mwezi wa tatu itakuwa imeshakufa, mwalimu atakuwa anaingia anaandika maswali ubaoni anaondoka, na huwezi kumlaumu.

Kwa hiyo nenda kwa mkuu wa shule na hiyo karatasi mkononi kabla shule haijafungwa. Usiende na maneno, nenda na namba. Akipatikana mwalimu wa tatu, hata wa kujitolea, kila mmoja anashuka kwenye 24. Asipopatikana angalia kama mwalimu wa Fizikia ana nafasi ya kubeba Hisabati ya kidato cha kwanza mikondo yote mitatu, hiyo ni 18, wale wawili wanabaki na 27 kila mtu. Ila piga kwanza hesabu ya Fizikia yake, usimwokoe mmoja ukamzika mwingine.

HATUA YA 2: Andika vile visivyosogezeka

Chukua karatasi nyingine, orodhesha kila kitu ambacho saa yake huwezi kuibadilisha.

Ijumaa ndo ya kwanza kwa sisi wa Tanga. Mwaka wangu wa kwanza niliweka vipindi 8 Ijumaa kama siku nyingine, na ile dabo ya mwisho (vipindi viwili vilivyoungana), saa 6:30 mpaka 7:50, nikawapa 4B praktiko ya Kemia. Wakaanza taitresheni (kupima asidi na besi kwa bureti) vizuri tu. Ilivyofika karibu na saa saba vijana wa Kiislamu wakatoka kwenda kuswali, na ni haki yao, nusu ya darasa imeondoka, bureti zimebaki na asidi katikati, madaftari yako wazi mezani na watu wameshaandika usomaji wa kwanza tu. Ile praktiko ilirudiwa Jumamosi. Lilikuwa kosa langu, niliangalia maboksi sikuangalia watu. Tangu siku ile Ijumaa kwetu mwisho saa 6:30, mtoto anafika nyumbani Ngamiani au Chumbageni anaoga anawahi msikitini bila kukimbizana.

Kipindi cha dini nacho kinakaa muda uleule mmoja kwa mikondo yote, manake walimu wa dini wanatoka nje na wanafunzi wanachanganywa kidato kwa kidato.

Alafu kuna hali za walimu. Mwalimu anayenyonyesha ana haki ya mpaka masaa mawili kwa siku ya kwenda kumnyonyesha mtoto, hiyo ni sheria, siyo hisani yako, kwa hiyo muulize anakaa wapi na anataka muda gani, uuweke kwenye ratiba kabisa. Kuna wanaotoka Muheza kila siku, hao usiwapange kipindi cha kwanza siku tano mfululizo, masika ikianza utakuwa na darasa lisilo na mtu kila asubuhi. Uliza mmoja mmoja, ana kwa ana. Ukiuliza kwenye grupu la wasapu utajibiwa na wale wenye sauti tu.

HATUA YA 3: Maabara

Hapa nakaa kidogo sababu ndipo shule nyingi zinapojidanganya. Praktiko inataka dabo, dakika 80, na dabo isikatwe na mapumziko. Kwa mpangilio wangu siku yenye vipindi 8 inatoa dabo 4: cha 1 na 2, 3 na 4, 5 na 6, 7 na 8. Siku nne ni 16, Ijumaa 3, jumla 19. Sasa kama mna chumba kimoja cha maabara kwa masomo yote matatu ya sayansi, mikondo 12 mara masomo 3 ni dabo 36. Kumi na tisa haiwezi kubeba 36, hata ufanyeje.

Ninachofanya mimi: kidato cha nne wote wanapata kila wiki, hizo ni 9. Zinabaki 10. Kidato cha tatu wanaingia wiki moja ndiyo moja hapana, wanachukua kama 5 hivi, na zile 5 za mwisho wanazungushana kidato cha kwanza na cha pili. Wiki ambayo mkondo hauna zamu ya maabara, mwalimu anabeba vifaa vyepesi anakwenda navyo darasani. Zamu ziandike kwa tarehe za muhula mzima, ubandike mlangoni kwa maabara. Ukiandika tu "kwa zamu" mikondo miwili itakutana mlangoni na ufunguo mmoja.

HATUA YA 4: Masomo ya kuchagua

Kidato cha tatu wanagawanyika michepuo. Kanuni ni moja tu: somo analoacha mtoto na somo analosoma badala yake viwe muda uleule. Wa sayansi wakiwa Fizikia, wa biashara wawe kwenye somo lao la biashara muda uleule, vyumba viwili, walimu wawili. Usipofanya hivyo utakuwa na watoto 20 wanazurura chini ya mwembe kila siku, na mwalimu wa zamu atawachapa kwa kosa ambalo ni la ratiba. Hizi ziweke mapema kabisa, mara tu baada ya maabara, zinafunga watu wengi kwa mpigo.

HATUA YA 5: Sasa ndo jaza

Mimi naanza na makadi. Nakata manila ya rangi, kila mwalimu rangi yake, kila kadi ni kipindi kimoja, natandika sakafuni stafu rumu shule ikiwa imefungwa. Rangi inakuambia haraka, ukiona kijani imelala mara mbili kwenye safu moja ya kushuka basi huyo mwalimu umempasua vipande viwili.

Utaratibu wa kujaza: visivyosogezeka, dabo za maabara, masomo ya kuchagua, alafu Hisabati na Kiingereza, wengine mwisho. Hisabati jitahidi iwe kabla ya mapumziko angalau siku tatu kwa kila mkondo, na uzungushe, siyo A wapate asubuhi zote sababu wamezoeleka kuitwa wazuri, C ndo wanaihitaji zaidi. Na somo moja lisiwe na vipindi vyote Jumatatu na Jumanne, mtoto akiumwa siku mbili kapoteza wiki nzima.

Ikikubali sakafuni ingiza kwenye Ekseli. Mistari iwe mikondo, safu ziwe vipindi, na ndani ya kisanduku andika kifupi cha jina la MWALIMU siyo cha somo. Hili naliandika kwa herufi kubwa sababu mwalimu anayefundisha Jiografia na Kiswahili ukimwandika JIO huku na KIS kule, kompyuta inaona watu wawili, wakati ni mmoja na yuko madarasa mawili saa tatu asubuhi. Kama mikondo yako ipo mstari wa 3 mpaka wa 14, weka kanuni ya rangi (Conditional Formatting) kwa fomula =COUNTIF(C$3:C$14,C3)>1 na kila kinachogongana kitawaka chekundu. Kipindi cha dini kiache wazi kisikuchanganye. Wenye laptop nzuri kuna programu ya bure inaitwa FET, inapanga yenyewe ukishaipa masharti, ila hatua ya 1 na ya 2 haikufanyii mtu, ukiilisha hesabu mbaya itakwambia haiwezekani na hutajua kwa nini.

HATUA YA 6: Isome kama mwanafunzi

Ukimaliza usibandike. Chagua mkondo mmoja, jifanye ni mtoto wa pale, pita Jumatatu mpaka Ijumaa kipindi kwa kipindi. Kuna siku ina Fizikia, Kemia, Hisabati, Baiolojia mfululizo? Vunja. Kuna siku hana hata kimoja cha kuhesabu? Rekebisha. Fanya mikondo yote 12, inachukua kama masaa mawili na yanalipa.

Baada ya hapo bandika rasimu stafu rumu siku mbili na penseli imefungwa kwa uzi pembeni. Kila mwalimu aandike tatizo lake na PENDEKEZO la kubadilishana na nani, manake ukihamisha kipindi kimoja unasogeza cha mtu mwingine. Zikiisha siku mbili mkuu anasaini.

Toa nakala tatu tofauti: ratiba kuu ya ofisini, ya kila darasa, na ya kila mwalimu. Siku ya kwanza Januari mwalimu wa darasa anaiandika ubaoni, watoto wananakili nyuma ya daftari, na wale wa kidato cha kwanza wanaochelewa kuripoti, maana wanaingia mpaka wiki ya tatu huko, wawekewe nakala moja ukutani karibu na mlango, urefu wa macho ya mtoto.