Picha za mavazi na wabunifu chipukizi Lubumbashi: amua kwanza kama ni za blogu au za jarida

Mbunifu anayeanza hapa Lubumbashi huwa na nguo chache tu za kuonyesha. Kila mtindo kashona nguo moja tu, na pengine kitambaa chenyewe bado anadaiwa. Akikuazima nguo hizo kwa siku ya picha, amekukabidhi mtaji wake wote. Basi kila hatua hapa chini ina lengo moja: picha zimletee kazi yeye aliyeshona.

Hatua ya 1: Picha zinakwenda wapi?

Liamue hili kabla hujamtafuta mpiga picha, maana blogu na jarida hazitaki kitu kimoja.

Jarida la kuchapishwa hujipanga miezi kadhaa mbele. Mengi hukataa picha iliyokwisha kuonekana popote, hata kama ni kwenye Instagram ya mwanamitindo tu. Kisha kuna ukubwa: uchapishaji mzuri unataka nukta 300 kwa inchi, kwa hiyo ukurasa wa sentimita 21 kwa 28 unadai picha ya pikseli 2480 kwa 3300 hivi. Na mhariri ndiye anayeamua ipi itoke, ipi itupwe.

Kwenye blogu unaweka picha leo usiku, unaandika bei na namba ya simu ya mbunifu, na kesho asubuhi mteja anauliza kwa WhatsApp. Wakubwa wa mitindo waliliona hilo zamani: mwaka 2009 Dolce & Gabbana waliwaketisha wanablogu mstari wa mbele kwenye maonyesho yao ya Milano.

Kwa mbunifu anayeanza, mimi naona blogu inaleta wateja, jarida linaleta heshima mbele ya wenye maduka. Anahitaji vyote viwili. Kwa hiyo mimi hugawa nguo mafungu mawili siku ileile: fungu la jarida na fungu la blogu, na hakuna nguo inayovuka. Waambie wote waliopo, hata msusi na kijana anayebeba mabegi. Picha moja ya simu iliyorushwa hewani kwa furaha inatosha kuharibu fungu zima la jarida.

Hatua ya 2: Karatasi ya kuazima

Ukurasa mmoja unatosha. Orodhesha kila nguo na hali yake, tarehe ya kurudisha, nani analipa ikiungua au ikichanika, na jina la mbunifu litakavyoandikwa. Piga kila nguo picha mbele na nyuma. Wekeni sahihi wote wawili.

Hatua ya 3: Igeuze nguo ndani nje

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu. Tazama mishono, pindo, zipu. Kama ni kitenge, fuata ua moja kwa kidole mpaka kwenye mshono wa katikati. Fundi hodari hukata kitambaa kwa hasara kidogo ili nusu ya duara iliyo kushoto ikutane na nusu yake kulia, na mgongoni zipu ipite katikati ya ua bila kulivunja. Ukikuta hivyo, usiridhike na picha ya mwili mzima. Piga mshono huo kwa karibu, mteja aone analipia nini. Anayejua kushona ataelewa mara moja.

Nguo ikimpwaya mwanamitindo, desturi ni kuibana mgongoni kwa vibanio. Kwa jarida sina shida, kule nguo inasimulia hadithi. Kwa blogu sikubali, kwa sababu mteja ataagiza kile alichokiona. Mwite mbunifu mapema aipunguze, au tafuta mwanamitindo wa saizi ya nguo hiyo.

Hatua ya 4: Mapambo

Tuna malakiti, lile jiwe la kijani, na shaba nyumbani kwetu, tuzitumie. Mkufu wa malakiti unang'aa juu ya kitambaa cha rangi moja, hasa cheupe au cheusi, lakini juu ya kitenge chenye rangi nyingi unapotea kabisa. Hapo weka bangili ya shaba tu. Jiwe hilo ni laini, linakwaruzika upesi, kwa hiyo lifunge peke yake kwenye kitambaa.

Hatua ya 5: Mahali na mwanga

Anza jua linapochomoza, simama kabla halijawa kali, rudi alasiri. Kiangazi mwanga ni mzuri ila vumbi jekundu hupanda kwenye pindo, basi tandika shuka la kusimamia. Septemba na Oktoba jakaranda huchanua, na zambarau yake hupendeza sana nyuma ya kitenge cha njano. Kuanzia Novemba panga siku ya akiba kwa ajili ya mvua.

Bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na kilima chake cha mabaki ya madini kila mtu anavipiga, na nguo huonekana ndogo mbele yake. Mimi napendelea ukuta wa matofali wa karakana ya fundi mwenyewe, kule komini ya Kenya au Katuba, hapa hapa mjini. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba na kwa mkuu wa mtaa, na kaa mbali na kambi za jeshi, uwanja wa ndege na ofisi za serikali.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Piga pasi usiku uliotangulia, upande wa ndani. Umeme ukikatika, pasi ya makaa inafanya kazi vizuri ukiweka kitambaa chenye unyevu katikati na kukung'utia majivu nje. Beba pini, vibanio, nyuzi za rangi mbalimbali na brashi ya nguo. Bandika utepe chini ya soli za viatu vya kuazima. Mwanamitindo afunikwe uso kwa skafu nyepesi kila anapovaa, la sivyo poda itabaki kwenye kola.

Picha za jarida ziachiwe nafasi juu kwa ajili ya kichwa cha habari. Ikiwa picha itachukua kurasa mbili, uso usiwe katikati, mkunjo utaumeza. Za blogu zipigwe wima, maana watu wanatazama kwa simu.

Hatua ya 7: Kutuma na kurudisha

Mtumie mhariri picha chache ndogo, zenye majina ya wote walioshiriki, na tarehe ya mwisho ya kungoja jibu. Ikipita, mwandikie kwamba umeziondoa, ndipo uziweke kwenye blogu. Kule andika bei kwa dola na kwa faranga, siku za kushona, na namba ya mbunifu, sio yako.

Nguo zirudi na karatasi yake, mkague pamoja moja baada ya nyingine. Usifue chochote bila kumuuliza, kwani vitambaa vingine huchuja rangi. Na umpe picha zote katika ukubwa kamili, azitumie popote atakapotaka, isipokuwa zile ambazo bado zinangoja jibu la mhariri.