Umevutiwa na Uyahudi lakini imani ya Mungu imekushinda? Hivi ndo unaeza pata watu wako ukiwa Kisumu ama Nakuru

Mimi nimelelewa Msabato, hapa tu Mamboleo, Jumamosi ilikuwa yetu kabla hata nijue Myahudi ni nani. Nikafika chuo imani ikaisha polepole lakini hamu ya Ijumaa jioni, Sabato ikianza, haikuisha, nikasoma nikasoma mpaka nikajikuta kwa Uyahudi. Kama uko kwa hiyo njia, soma.

Kwanza jua kuna Uyahudi usiokuuliza kama unaamini Mungu. Unaitwa Uyahudi wa Kihyumanisti, na aliyeuanzisha 1963 karibu na Detroit, Marekani, alikuwa rabi, Sherwin Wine. Alitoa Mungu kwa sala akabakisha sikukuu, historia, nyimbo na maadili. Na mtu asiye na damu ya Kiyahudi akitaka kuingia, wengi wao hawaiti hiyo kuongoka, wanaiita kuasiliwa, kama vile familia hupokea mtoto. Hiyo neno ilinishika, maana sikuwa natafuta wokovu mwingine, nilikuwa natafuta familia. Jirani zao ni matawi mengine ya Uyahudi, Reform na Liberal, hawa Mungu bado yuko kwa sala lakini mlango uko wazi, marabi wanawake wako, na tangu 1983 Reform wa Marekani wanahesabu kuwa Myahudi hata mtoto ambaye baba pekee ndiye Myahudi, bora alelewe hivyo.

Sasa pahali watu wengi hupotea. Huku Western ukisema unatafuta Wayahudi utaelekezwa kwa kanisa lenye watu wamevaa shali na kupiga baragumu. Uliza swali moja tu kwa heshima: Yesu kwenu ni nani? Wakisema ni Masihi, hao ni Wakristo, kunywa chai yao na uende salama.

Usingoje sinagogi, anza na meza. Tafuta watu wawili watatu, hata kama mmoja amekuja chakula tu, na mkutane kila Ijumaa nyumba moja bila kuhamahama. Mishumaa miwili, zile tu za duka. Kawaida huwashwa dakika 18 kabla jua lizame, na hapa tumebarikiwa na ikweta, mwaka mzima ni kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi, wakati London Disemba wanawasha kabla saa kumi jioni na Juni ni baada ya saa tatu usiku. Wiki ya kwanza jirani yangu alibisha akauliza, kwani stima imepotea kwenu pekee? Nikamkaribisha ndani na siku hizi yeye ndo hukata mkate. Huo mkate ni hala, ngano mayai sukari kidogo na hamira, unasukwa nyuzi tatu kama nywele, na ukiwahi suka mtoto nywele hautasumbuka. Wa kwanza wangu ulipasuka katikati, tukaula hivyo hivyo. Samaki ni ngege, ina magamba kwa hivyo ni kosher, yaani sheria ya chakula ya Kiyahudi inaikubali. Mumi haina, na Wasabato wenzangu hiyo stori mnaijua tangu utotoni! Si lazima uifuate, sisi huku kila mtu huchagua, lakini jua unachagua nini.

Halafu ibada za mtandaoni. Usijiue na za Marekani, saa moja na nusu jioni ya Detroit kwako ni saa nane na nusu usiku, na miezi ya baridi kwao inakuwa saa tisa na nusu. London inafaa zaidi, tofauti ni saa mbili ama tatu. Waandikie barua pepe kabla, sema ukweli wote hapo mwanzo, mimi ni nani, naamini nini na siamini nini, siombi pesa wala viza. Hiyo sentensi ya mwisho inauma kuandika lakini andika, wamepokea maombi mengi.

Kutembea pia ni muhimu. Sinagogi ya Nairobi ni ya tangu miaka ya 1910 na utaratibu ni wa Kiorthodoksi, yaani Wayahudi wanaoshika sheria za zamani, usitokee tu getini, andika mapema ubebe kitambulisho, na simu isitoke mfukoni siku ya Sabato. Watu wa Nakuru mko karibu na Kasuku, kule Nyandarua, kuna jamii ya Wayahudi Wakikuyu. Sisi wa Kisumu, Mbale ya Uganda si mbali, unavukia Malaba, unakutana na Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, ambao kiongozi Mganda Semei Kakungulu aliwaanzishia 1919, na Idi Amin akawapiga marufuku lakini hawakuisha. Rabi wao Gershom Sizomu alitawazwa 2008 huko Los Angeles. Fika Ijumaa kabla ya jua kuzama. Hao Mungu wanaamini kabisa, kwa hivyo usiende kubishana, nenda uimbe nao, na wakikuuliza jibu kweli.

Mama ndo nilichelewa kumwambia, karibu miaka miwili. Alinyamaza kwanza, halafu akauliza kama Ijumaa bado sipiki baada ya jua kuzama, nikamwambia napika mapema. Akasema basi angeleta mboga.