Saa ya kuzamia inalindwa na mpira: maelezo ya fundi saa wa Mwanjelwa

Kila Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, meza yangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, hujaa saa zenye ugonjwa mmoja. Zimetoka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na chini ya kioo zina ukungu. "Fundi, kule ziwani ilikuwa safi kabisa," mwenyewe ananiambia. "Nimefika Uyole ndiyo naona mvuke." Namwamini. Matema iko chini, kama mita 475 kutoka usawa wa bahari, na joto lake halilali. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700. Gari likipanda kupitia Tukuyu, baridi inaongezeka kona kwa kona, kioo cha saa kinapoa, na unyevu uliojificha ndani unatua kwenye kioo kama umande. Saa haikuharibikia Uyole. Iliingia maji ziwani, au ilifungwa vibaya na fundi siku nyingi kabla.

Haya naandika kwa mwanaume anayetaka saa ya kuzamia, awe anapiga mbizi kweli, anavua usipa, au anaipenda tu kwa uimara wake. Huyo wa mwisho naye ana haki yake. Blancpain na Rolex wa Uswisi walizitoa za kwanza za namna hii mwaka 1953, Seiko wa Japani wakafuata 1965, wote wakiwafikiria wazamiaji. Ila kilichozifanya zivumilie bahari ndicho kinachozifanya zivumilie vumbi la shamba la viazi.

Watu husoma 200M kwenye uso wa saa wakadhani chuma ndicho kinachozuia maji. Kinachozuia maji ni mpira mwembamba, sisi mafundi tunauita oringi, uliolala kati ya mfuniko wa nyuma na bodi ya saa. Kuna mwingine mdogo zaidi ndani ya kile kitufe cha pembeni cha kurekebishia mishale, na kwenye saa nyingi kuna wa tatu unaoshika kioo. Mpira huzeeka hata kama saa imekaa kabatini. Hukauka, hubonyea ukawa bapa, hupata nyufa usizoziona kwa macho. Namba ya 200M inaeleza saa ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani.

Somo hili nililipia. Mwaka wangu wa pili wa kazi, kijana wa Kyela aliniletea saa ya marehemu baba yake nibadilishe betri. Nilipofungua niliona oringi imelala bapa kabisa. Sikuwa na nyingine ya saizi ile, nikairudisha hivyo hivyo, nikafunga, nikapokea pesa, na sikumwambia neno. Krismasi akaingia nayo ziwani. Alipoirudisha, mashine ilikuwa na kutu ya rangi ya udongo wa Rungwe. Nilinunua mashine nyingine kwa pesa yangu, lakini ule uso wa saa uliokuwa umechujuka kwa miaka ya baba yake, maji yalikuwa yameutia madoa, na hilo hakuna duka linalouza. Tangu siku ile sifungi saa ya maji bila mpira mzima. Kama sina, namwambia mwenyewe aisubiri au aende kwa mwenzangu.

Sasa, kununua. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo wa karibu bar 1, ndiyo maana utaona 3 BAR pengine na 30M pengine, maana yake ni ile ile. Ila usizisome kama rula. Saa ya 30M ni ya kunawa mikono na mvua ya Tukuyu, basi. Ya 50M inavumilia kulowa zaidi kidogo. Kuogelea anza na 100M, na kwa kuzamia kweli tafuta 200M yenye neno DIVER'S limeandikwa usoni. Neno hilo lina uzito, kwa sababu kuna kipimo cha kimataifa, ISO 6425, kinachodai saa ya namna hiyo ifike angalau mita 100, ipimwe moja moja, tena kwa mgandamizo uliozidi robo juu ya ule ulioandikwa. Inadaiwa pia isomeke gizani kutoka sentimita 25, na ionyeshe kwamba inatembea. Ndiyo maana mshale wa sekunde nao una alama inayong'aa. Mzamiaji aliye gizani lazima ajue saa yake haijasimama.

Zipo saa nzuri za 200M zisizo na neno hilo. Casio Duro, ile MDV-106 yenye samaki usoni, ni mojawapo, na kwa mtu anayeanza ndiyo ninayomtajia kwanza: ya betri, rahisi kuihudumia, kitufe chake kinakazwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Citizen Promaster inayojichaji kwa mwanga ni nzuri kwa asiyetaka saa yake ifunguliwe kila mara, kwani haina betri ya kubadilisha kila baada ya miaka michache, na kila ufunguaji ni nafasi ya kukosea. Anayependa mashine inayojijaza kwa mtikisiko wa mkono aangalie Seiko au Orient. Akitokea mtu wa kukuuzia Seiko SKX007 "mpya ya mwaka huu", kumbuka iliacha kutengenezwa 2019. Inaweza kuwa ya zamani iliyotunzwa, inaweza kuwa imeunganishwa kwa vipande vya hapa na pale. Muulize, na bei iendane na jibu.

Saa za mtumba na zile zinazopangwa kwenye meza za barabarani zina yao. Ichukue mkononi, zungusha ile ringi ya juu yenye dakika. Ya saa ya kuzamia huenda upande mmoja tu, kinyume na mwendo wa mishale, kwa mlio wa tik tik. Ikienda pande zote mbili, au ikiwa imegandishwa kwa gundi, hilo ni pambo. Angalia nyuma: mfuniko wa kuzungusha wenye meno ya kushikia spana nauamini kuliko ule wa kubandika kwa kubonyeza. Legeza kitufe cha pembeni, kikaze tena. Kikiteleza bila kushika, thredi zake zimekwisha na maji yatapita hapo. Halafu iweke chini ya taa ya simu nusu dakika, uifunike kwa viganja na kuchungulia. Mishale isiyong'aa kwenye saa iliyoandikwa DIVER'S inakuambia uirudishe mezani.

Saizi ipimie kwenye mkono wako mwenyewe, usifuate picha. Masikio ya kufungia mkanda yasizidi upana wa kifundo cha mkono. Na sisi wa nyanda za juu tuna jambo ambalo watu wa Dar hawalifikirii: Juni na Julai tunavaa sweta na koti. Saa nene kupita kiasi itakwama kwenye mkono wa sweta kila siku, utaanza kuivua, na saa ya kuvuliwavuliwa ndiyo inayoanguka sakafuni. Mkanda uwe mpira, nailoni au cheni ya chuma. Ngozi na maji havikai pamoja.

Ile ringi itumie, usiiache iote kutu ya uvivu. Peleka alama ya pembetatu kwenye mshale wa dakika unapoanza jambo, na baada ya hapo unasoma moja kwa moja dakika zilizopita. Inazunguka upande mmoja kwa sababu ikigongwa kwa bahati mbaya majini, itamwonyesha mzamiaji kwamba muda mwingi zaidi umepita, atoke mapema. Haiwezi kumdanganya kwamba bado ana hewa. Mimi naipimia muda wa saa kukaa kwenye maji ya sabuni, na mke wangu huichukua akichemsha makande.

Matunzo yenyewe ni machache. Kabla ya kuingia majini, gusa kitufe cha pembeni uhakikishe kimekazwa. Ukiwa majini usikiguse kabisa. Ukitoka baharini, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi huku ukizungusha ringi. Ziwa Nyasa halina chumvi, lakini mchanga wa Matema ni mwembamba na hujikita chini ya ringi mpaka isizunguke. Mswaki laini na maji huutoa. Dawa ya mbu jipake kwanza, nawa viganja, ndipo uvae saa, maana zenye kemikali ya DEET hula plastiki.

Maji ya moto ndiyo adui ambaye wateja wangu hawamdhanii. Asubuhi ya Julai mtu anaoga maji yanayotoa moshi na saa ikiwa mkononi, "si ni ya mita 200?" Joto linaupanua mpira, sabuni inapenya, kisha anatoka kwenye baridi na kila kitu kinasinyaa kwa mpigo. Ivue. Ivue pia ukienda kwenye chemchemi za maji moto za Songwe.

Tarehe isirekebishwe kuanzia saa tatu usiku hadi saa tisa usiku, yaani mshale wa saa ukiwa kati ya 9 na 3, kwani meno ya kubadilisha tarehe yanakuwa yameshikana na ukilazimisha yanavunjika. Ukiona tarehe inaruka saa sita mchana, mashine ni nzima. Mishale imepishana kwa saa 12. Uzungushe mshale wa saa mbele mzunguko mmoja kamili.

Betri ikiisha, usiiache ndani kwa kuwa "siivai siku hizi". Betri iliyokufa huvuja, na uvujaji wake hula mashine kuliko maji. Siku ya kubadilisha, simama pale pale mezani kwa fundi umuulize kuhusu oringi. Aitoe uione. Iwe ya mviringo na laini. Ikiwa bapa, ngumu au imepasuka, iwekwe nyingine, nayo ipakwe grisi ya silikoni kidogo sana, ing'ae tu. Mafuta ya kujipaka hapana: yanalainika kwa joto na kukusanya vumbi. Bei ya mpira ni ndogo kuliko nauli yako ya kwenda Kyela. Kama fundi ana mashine ya kupimia mgandamizo, lipia kipimo. Kama hana, kuna kipimo cha nyumbani kinachofuata wazo lile lile la viwandani: pasha saa joto kidogo kwa kuilaza juu ya chupa ya maji ya uvuguvugu, dondoshea kioo tone la maji baridi, subiri dakika moja, futa. Ukungu ukibaki kwa ndani, kuna unyevu. Hakikuhakikishii mita 200, ila kinakuambia lini usiingie nayo majini.

Na ikishaingia maji? Vuta kitufe cha pembeni ili isimame, ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo. Usiilaze kando ya jiko la mkaa. Joto linasukuma mvuke ndani zaidi ya mashine na kubabua uso. Kuizika kwenye mchele, hata uwe wa Kyela, hakusaidii kitu, kwa sababu mfuniko uliozuia maji kutoka utazuia na mvuke. Lazima ifunguliwe. Kama ni maji ya bahari hesabu kwa masaa, chumvi haisubiri.

Mara nyingine ukungu ni kidogo, unakuja na kuondoka, na mipira yote ni mizima. Hapo mara nyingi saa ilifungwa siku ya mvua, hewa yenye unyevu ikafungiwa humo. Ndiyo maana kuanzia Novemba siwafungii watu saa za maji asubuhi, wakati mawingu yameilalia Mbeya. Ukija kabla ya safari ya ziwani, njoo wiki mbili mapema, uniachie saa ilale kwangu. Nitaifungua, nitaiacha karibu na balbu ikauke, na nitaifunga kesho yake mchana jua likiwa limetoka.